Kutoka Makongeni Hadi Lang'ata: Siku Moja ya Kuwaona Wanyama

(Mazungumzo kwa wazazi, walimu, viongozi wa vyama na vijana wa mitaa ya Eastlands)



Mtoto wa Eastlands huwajua wanyama wa porini kabla hajajua kusoma, kwa kuwa huwashika mkononi kila siku. Sarafu mpya ambazo Benki Kuu ya Kenya ilizitoa Desemba 2018 ziliondoa sura za marais na kuweka wanyama mahali pao: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye shilingi tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Mtoto akitumwa dukani Umoja au Kayole kununua unga hurudi na kifaru na simba kwenye chenji. Ukizijumlisha sarafu hizo nne unapata shilingi 36, ambazo asubuhi ya siku ya kazi hazitoshi hata kukufikisha mjini kwa matatu.

Wanyama hao wanne wako Nairobi, wakiwa hai. Hapana haja ya kufunga safari hadi Maasai Mara au Tsavo. Wako Lang'ata, upande wa pili wa jiji hili hili. Hata hivyo, mwalimu wa Dandora akiuliza darasani ni wangapi wamewahi kumwona simba kwa macho yao, si ajabu mikono ikainuka miwili au mitatu. Mgeni anayetua kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulio huko huko kwetu Embakasi, anaweza kuwa amemwona simba kabla ya chakula cha mchana. Ndege iliyomleta imepita juu ya paa za nyumba ambamo watoto hawajawahi kumwona.

Sababu moja ni pesa, na haitafichwa katika mazungumzo haya. Lakini iko sababu nyingine ambayo ni ya zamani zaidi.

Jiji hili lilizaliwa na reli, na reli ilikutana na simba tangu mwanzo. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwaua wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli huko, hadi mhandisi John Henry Patterson alipowapiga risasi mwezi wa Desemba. Ngozi na mafuvu yao baadaye yaliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago, na mpaka leo ni Mmarekani anayekwenda kuwatazama simba hao wa Kenya. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Juni 1900, afisa wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall alikaa usiku ndani ya behewa katika kituo cha Kima akimvizia simba aliyekuwa akisumbua pale. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamuua na kumburuta nje. Behewa hilo lingalipo. Liko katika Makumbusho ya Reli, nyuma ya Kituo Kikuu cha Reli, mahali ambapo mkazi wa Makongeni anaweza kufika kwa miguu. Mtoto anayependa hadithi za kutisha ataanza vizuri hapo kabla ya kupelekwa mbali.

Muthurwa na Makongeni ni mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli. Kwa hivyo wazee wengi walioishi humo, au baba zao, walikuwa watu waliohusika na wanyama kwa njia yao: walilaza reli, wakaendesha garimoshi, wakazima taa za vituo vya nyikani. Hawakuwa watalii.

Utalii ulikuja baadaye, na ulikuja na mpaka. Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, alipoona wanyama wa tambarare za Athi wanaisha, alitaka serikali ya kikoloni itenge mbuga. Serikali ikasuasua. Ndipo alipoandika barua gazetini akijificha nyuma ya jina la mlowezi mkongwe, akidai wanyama wote wapigwe risasi waishe, wasisumbue tena. Alijua barua hiyo ingewaudhi watu, na kweli iliwaudhi. Kelele zilizofuata zilisaidia kuisukuma serikali. Tarehe 16 Desemba 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza nchini Kenya, yenye ukubwa wa kilomita mraba 117. Wamaasai waliokuwa wakichunga mifugo pale walihamishwa.

Katika miaka hiyo hiyo ya arobaini, mtaa wa Kaloleni ulikuwa ukijengwa kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Mbuga ilipangwa itazamwe na mtu aliyeketi ndani ya gari. Mkazi wa Kaloleni hakuwa na gari. Karibu miaka themanini imepita na hali hiyo haijabadilika sana: ndani ya mbuga hairuhusiwi kutembea ovyo kwa miguu, isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa, na pikipiki haziingii. Watu wa boda boda wanalijua hilo vizuri. Wengi wetu hukulia upande huu wa jiji wakiamini kwamba mbuga ni ya wenye magari, na imani hiyo huwazuia watu kufika hata pale pasipohitaji gari.

Na pasipohitaji gari papo.

Makao ya Wanyama Yatima yako kwenye lango kuu la mbuga, kando ya barabara ya Lang'ata. Yalifunguliwa mwaka 1964, nchi ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Hapo mtu hutembea kwa miguu yake, na mtoto wake akimshika mkono. Kutoka Eastlands, unashuka mjini, unatembea hadi steji ya Railways, unapanda matatu za 125 au 126 zinazokwenda Ongata Rongai, na unamwambia kondakta akushushe kwenye lango la KWS. Anayekaa karibu na kituo cha garimoshi la abiria, kama Makadara au Dandora, siku za kazi anaweza kupanda garimoshi hadi Kituo Kikuu, na steji ya Rongai iko hapo hapo.

Ndani utakuta simba, duma, chui, fisi, mondo, nyani, kobe, ndege wa aina nyingi. Wengi wao wana historia. Wako walioachwa wakiwa wachanga baada ya mama kuuawa, walioletwa na majeraha, na walionyang'anywa watu waliokuwa wakiwafuga nyumbani kinyume cha sheria. Kwa hili la mwisho, wakazi wa mitaa yote wanapaswa kusikiliza. Kobe aliyeokotwa ushago na kuletwa Buruburu ndani ya katoni, au tumbili aliyefungwa mnyororo nje ya kibanda, ni mnyama wa porini kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumweka bila kibali ni kosa. Aliye naye afadhali awaite maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) kabla hawajaitwa na jirani.

Wazazi wajiandae kwa swali moja ambalo karibu kila mtoto huuliza akifika kwenye ua wa simba: amefanya kosa gani akafungwa? Msimdanganye. Simba aliyelelewa kwa chupa tangu akiwa mdogo hakufundishwa na mama yake kuwinda, wala hakujifunza kuwaogopa watu. Ukimwachilia, atakufa njaa au atamfuata binadamu, na vyote viwili vina mwisho mbaya. Wako wanaoweza kurudishwa porini wakipona. Wako ambao ua huo ndio maisha yao. Ni jambo la kusikitisha, na mtoto anaweza kulielewa. Kitu ambacho hakifai ni kumfundisha kumrushia mnyama njugu au chupa ili ainuke apigwe picha. Simba hulala sehemu kubwa ya mchana hata akiwa porini. Hana deni la kuinuka kwa sababu mtu amelipa.

Pembeni ya Makao hayo kuna Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, inayopita juu ya nyasi, maji na msitu. Wengi huiruka kwa kudhani ni kitu kile kile. Si kitu kile kile, na kwa mtu mwenye nafasi ya kuchagua pahali pamoja tu, pengine hapa ndipo pazuri zaidi, kwa kuwa wanyama wana nafasi na mtazamaji yuko juu yao badala ya kuwa mbele ya waya. Hapo yupo bongo, paa mkubwa mwenye rangi ya hudhurungi na mistari myeupe, ambaye asili yake ni misitu ya milima yetu wenyewe, Mlima Kenya na Aberdare. Bongo wa aina hii waliobaki porini wanakadiriwa kutofika hata mia moja. Yupo pia kiboko mdogo wa Afrika Magharibi, asiyezidi kimo cha nguruwe mkubwa, na huyu ndiye mgeni wa kweli kati yao: katika misitu ya Kenya hutampata kamwe.

Neno kuhusu tumbili. Eastlands mnyama yeyote mwenye mkia na mikono huitwa nyani. Yule mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi anayenyakua ndizi mikononi mwa watoto pale langoni ni tumbili. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, na huyo si wa kuchezewa. Chakula kifungwe ndani ya mkoba, na mkoba ubebwe na mtu mzima.

Sasa kuhusu ndovu. Mbuga ya Nairobi haina ndovu wa porini. Ni mbuga ndogo mno kwao. Ndovu walioko ni watoto yatima wanaolelewa na Sheldrick Wildlife Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David. Lango lake liko upande wa barabara ya Magadi, njia ile ile ya matatu za Rongai. Kwa miaka mingi Daphne Sheldrick alishindwa kupata maziwa ambayo mtoto wa ndovu angeweza kuyanywa bila kufa, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe humdhuru. Jibu lilipatikana kwenye mafuta ya nazi, ambayo yalikaribiana na mafuta yaliyo katika maziwa ya mama ndovu. Mtu wa Pwani akisikia hivyo atacheka, lakini tangu hapo mamia ya ndovu wamepona.

Hapa saa ya wageni ni moja tu kwa siku: saa tano hadi saa sita mchana. Ndovu wadogo huja wakikimbia, hunyonya chupa zao, huogelea kwenye matope, na walezi wao hueleza kila mmoja alipatikana wapi. Mmoja alitumbukia kisimani, mwingine mama yake aliuawa kwa ajili ya pembe, wa tatu aliachwa nyuma wakati wa ukame. Walezi hao hulala nao usiku, chumba kimoja, na huwanyonyesha kila baada ya saa tatu. Mama yeyote aliyemlea mtoto mchanga katika chumba kimoja Mathare anajua maana ya kazi hiyo. Nafasi lazima iombwe mapema kwa mtandao; anayekwenda bila kuomba atarudishwa langoni, na si kwa ubaya.

Ndovu hao wakikua hupelekwa Tsavo, kwenye vituo vya Voi na Ithumba, au Umani Springs karibu na Kibwezi, na huko hujiunga polepole na ndovu wa porini. Hapo ndipo habari yao inaporudi kwenye mitaa yetu, kwa njia ambayo watu wachache huifikiria: mto.

Mto Ngong hupita Mukuru na kuelekea Embakasi. Mto Mathare hupita Mathare na Korogocho. Yote miwili huingia Mto Nairobi upande wa mashariki wa jiji, baada ya Mto Nairobi wenyewe kupita Gikomba, Kariobangi na kando ya jaa la Dandora. Kutoka hapo maji hayo huingia Mto Athi. Athi huteremka hadi Tsavo, ambako huitwa Galana, na ndovu, viboko na mamba hunywa na kuoga humo. Mwisho huitwa Sabaki na huingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Nepi iliyotupwa mtoni Korogocho haipotei. Inasafiri. Mtoto wa ndovu ambaye mtoto wa Dandora amemlipia kiingilio kumwona Lang'ata anaweza, baada ya miaka michache, kunywa maji yaliyopita nyuma ya nyumba ya mtoto huyo huyo.

Jaa la Dandora lenyewe lilifunguliwa mwaka 1975 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Lina wanyamapori wake: wale korongo wakubwa wenye vipara, marabou, wanaosimama juu ya taka kama wazee wa baraza. Watoto wa Dandora huwaona kila siku na hawawahesabu kuwa wanyama wa kutazamwa. Mgeni hulipa pesa nyingi kuwaona ndege hao hao wakiwa mbugani. Walimu wa mazingira wanaweza kuanzia hapo, bila nauli yoyote.

Twiga wa Lang'ata nao wana hadithi fupi. Katika miaka ya sabini Betty na Jock Leslie-Melville waliwaokoa twiga wa aina ya Rothschild kutoka Soy, magharibi mwa Kenya, ambako shamba walimoishi lilikuwa likigawanywa. Waliwalea nyumbani kwao Lang'ata, na wengi wa uzao wao wamepelekwa mbuga nyingine, ikiwemo Nakuru. Kituo cha Twiga kiko karibu na Hardy. Matatu ya 24 ya Karen ndiyo ya kuulizia. Mtoto hupewa chakula mkononi, twiga huinama na kukichukua kwa ulimi wa rangi ya zambarau unaokaribia nusu mita. Wengine hulia. Wengi huomba kurudia.

Hayo ni ya kufurahisha. Lakini kuna jambo ambalo mkazi wa Eastlands anafaa kulijua hata kama hatatia mguu Lang'ata mwaka huu.

Mbuga ya Nairobi imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uko wazi kuelekea Kitengela na tambarare za Athi-Kapiti. Nyumbu na punda milia hutoka mvua ikinyesha na kurudi kiangazi kikishika. Makundi hayo zamani yalikuwa makubwa; leo yamepungua vibaya, kwa sababu huko wanakopita kumejaa ploti, ua, viwanda na nyumba. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kidogo kila mwaka ili waache mashamba wazi. Ulisaidia, lakini bei ya ploti hupanda haraka kuliko malipo hayo. Na wanunuzi wa ploti hizo ni akina nani? Wengi ni watu wa mijini waliochoka kulipa kodi. Vyama vya akiba vya Eastlands hutangaza ploti za Kitengela na Isinya kila wiki. Hakuna ubaya wowote mtu kutaka kwake. Ila chama kabla hakijanunua kiulize kama ardhi hiyo iko kwenye njia ya wanyama, kwa faida yake chenyewe: ni vigumu kulala mahali ambapo simba ana mazoea ya kupita.

Mwaka 2016 ulionyesha hayo. Februari, simba waliripotiwa wakirandaranda nje ya mbuga upande wa Lang'ata. Katikati ya Machi, simba mmoja alijikuta Mombasa Road asubuhi watu wakienda kazini. Madereva walipiga honi na watu wakachomoa simu wajipige picha naye. Simba akataharuki na kumjeruhi mtu mmoja. Mwisho wa mwezi huo, tarehe 30, simba dume aliyejulikana sana na wageni wa mbuga, aliyeitwa Mohawk kwa ajili ya manyoya yake ya kichwani, alifika Isinya. Umati ulimzunguka, mtu mmoja akajeruhiwa, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Wakenya wengi walilia mitandaoni. Wachache waliuliza umati ule ulikuwa ukitafuta nini.

Kwa hivyo, mnyama mkubwa akionekana Pipeline, Imara Daima au kokote, watu warudi nyuma, watoto waingizwe ndani, na KWS wapigiwe simu. Hapafai kuitwa mtu mwingine aje atazame. Reli mpya ilipojengwa kukatiza mbuga, ilipandishwa juu ya daraja refu la takriban kilomita 6 ili wanyama wapite chini yake. Uhandisi unaweza kufanya hivyo kwa garimoshi. Kwa umati wa watu haujapata dawa.

Wanaotaka kuingia ndani ya mbuga yenyewe, ambako kifaru na simba wako huru, njia ya watu wasio na magari ni kukodi pamoja. Chama cha akina mama wa Jericho chenye wanachama thelathini kinaweza kukodi basi dogo kwa siku moja, kugawana gharama ya gari na kiingilio chake, na kuingia alfajiri. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni, na wanyama huonekana vizuri kabla jua halijawa kali. Wakazi wa Embakasi na Donholm wanaweza kutumia lango la mashariki, upande wa Mombasa Road, badala ya kuzunguka mjini. Shule ziandike barua mapema zipate kiwango cha wanafunzi.

Ndani humo kuna pahali ambapo watu huruhusiwa kushuka garini: pale pembe za ndovu zilipochomwa. Julai 18, 1989, Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya ulimwengu, na mwaka uliofuata biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikuwa imepigwa marufuku. Aprili 30, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Majivu yake yapo. Vifaru weusi wa Kenya walikuwa karibu 20,000 mwaka 1970 na chini ya 400 mwisho wa miaka ya themanini. Sasa ni takriban 1,000, na mbuga hii ndogo ya jijini ni mojawapo ya sehemu walikolindwa na kuzaana.

Malipo. KWS haipokei pesa taslimu langoni. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, na raia huonyesha kitambulisho ili alipe kiwango cha raia. Viwango hubadilika, kwa hivyo kiangaliwe kile kinachoonekana kwenye eCitizen siku ya kulipa, si kile jirani alicholipa mwaka juzi. Kila sehemu ina kiingilio chake: mbuga, Makao ya Yatima na Safari Walk. Familia ya watu watano yenye mapato ya kibarua haiwezi kuzizunguka zote kwa siku moja, na haina haja. Ichague pamoja, ikae hapo hadi mchana. Wako wanaoweka shilingi hamsini kwa wiki katika chama cha ploti kuanzia Januari, na shule zikifungwa Agosti watoto wote wa ploti huenda pamoja. Ni mpango mzuri kuliko kungoja mfadhili.

Chakula kibebwe nyumbani. Chapati na ndengu hupunguza gharama sana. Lakini tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine ya hifadhi: chupa za maji za dukani, vikombe, sahani na mirija. Maji yawekwe kwenye chupa ya kutumika tena au kwenye thamosi, chapati kwenye hotpoti. Mifuko ya plastiki, kila mtu anajua, ilipigwa marufuku nchini nzima Agosti 2017, ingawa bado inaonekana sokoni Mutindwa.

Viatu viwe vya kufungwa. Asubuhi Lang'ata huwa na baridi kuliko Kayole, hivyo sweta isisahaulike. Anayekwenda kwa ndovu awe ameshuka kwenye lango la barabara ya Magadi saa nne na nusu, kwa sababu kutoka hapo bado kuna mwendo, na saa sita kamili kamba hufungwa na ndovu hurudi msituni.

Fomu za vikundi vya shule ziko mezani kwa mwalimu wa mazingira. Maswali yaanze na watoto.